Kifungo Chenye Pengo

Wenzangu wa kitengo,

Siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nami nikaahidi kuandika wiki inayofuata. Wiki zimepita nyingi. Si uvivu. Kila asubuhi nina kazi mpya inayotumia miguu, nitaifikia mwishoni. Vyeo na mshahara nitaviruka: mshahara mnaujua, na vyeo vyetu vilibadilishwa majina mara nyingi hata mlinzi wa getini akaamua kutuita sote "mkaguzi" ili asikosee. Naandika Kiswahili kwa sababu nilikulia Buyenzi, kule Bujumbura, na hii ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kutafuta maneno.

Siku yangu ya kwanza nilivaa tai. Mzee Bonifasi, aliyekuwa mkaguzi mkuu, aliitazama ile tai, akanikabidhi koleo. Lilikuwa koleo la lakiri, lile lile ambalo sasa limo kwenye droo ya pili kutoka chini. Unapitisha waya kwenye mlango wa mashine ya kamari, unatia kipande cha risasi laini, unabana, kinatoka na namba ya ofisi. Aliniketisha nibane vipande hamsini juu ya meza mpaka kiganja kikaota malengelenge. Ndipo akanipa somo la pili.

"Usimwamini mtu anayekuletea soda kabla hujajitambulisha," aliniambia. "Lakini ukiletewa, kunywa. Halafu uandike kwenye rapport kwamba umekunywa."

Ripoti zake zilikuwa na soda nyingi kuliko makosa. Alinifundisha pia kwamba ukiingia duka la kubeti usome kwanza kibali, kisha ukuta, kisha uso wa mwenye duka, na kwamba makosa mengi yako usoni. Hilo nimelihakiki kwa miaka yote na sijaliona likikosea, isipokuwa mara moja, ambapo uso wenye makosa ulikuwa wangu.

Enzi hizo tulihangaika na mashine za sarafu, zile ambazo mtaani ziliitwa ikiryabarezi. Kipindi kimoja tulizipa vibali. Kipindi kingine tuliagizwa tuzikusanye. Mashine moja ya Gikondo niliipa kibali, nikaikamata, nikairudisha, nikaikamata tena, mpaka mwenyewe akawa ananisaidia kuibeba na kuniuliza habari za watoto. Siku ya kwanza kuipakia kwenye pikapu haikuzimika, kwa kuwa ilikuwa na betri yake. Iliimba njia nzima. Tuliposimama kwenye taa za barabarani, mtu mmoja alikuja mbio, akatia sarafu, akavuta mkono wa mashine, akakosa, akatushukuru, akaondoka. Mzee Bonifasi aliandika tukio hilo pia, chini ya soda.

Wageni wa kazi hii mara nyingi hawajui kwamba sisi ndio tuliokuwa wacheza kamari wakubwa kuliko wote mjini, tena saa za kazi. Kanuni ya upimaji, mnaijua, inasema kifaa chochote kinachodhaniwa kuwa cha bahati kichezwe mara mia moja mbele ya mashahidi ndipo kiitwe cha bahati. Basi tulikaa ghalani mimi na Mzee, na kopo la sarafu za ofisi, tunavuta. Bega lake la kulia lilikuwa juu kidogo kuliko la kushoto kwa sababu ya kazi hiyo. Mara ya sitini na kitu taa zikawaka, muziki ukapigwa, sarafu zikamwagika. Mzee Bonifasi alisimama akanipa mkono kwa furaha kabla ya kukumbuka sisi ni akina nani. Tukakaa. Tukaandika. Tukaendelea na iliyobaki.

Tatizo lililozaa mambo yote lilikuwa la urafiki. Kila mkaguzi alikuwa na eneo lake, na ukienda mahali pamoja kila wiki unakuwa mtu wa pale. Mwenzetu mmoja alisimamia ubatizo wa mtoto wa mwenye duka la kubeti. Utamfungiaje duka baba wa mtoto uliyemshika kichwa juu ya maji? Mzee Bonifasi akaja na dawa. Alileta agaseke, kile kikapu chenye mfuniko mrefu ambacho kwetu hupewa maharusi, mdomo wake mwembamba kiasi kwamba mkono unaingia kwa kubembeleza. Ndani alitaka viwepo vitu vinane vinavyofanana, kila kimoja na jina la eneo. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi wakaguzi wanane tutatia mkono mmoja mmoja, kwa kufuata umri wa kazi, na utakachotoa ndiko utakakokwenda wiki hiyo. Hakuna atakayejua mapema. Hakuna atakayezoeana na mtu.

Vitu vinane vilitoka kwa Fundi Sudi. Huyu ni fundi cherehani wa soko la Kimironko na jirani yangu, Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na ambaye ametushonea suruali wote mliowakuta ofisini. Alikuwa na koti la mteja aliyehamia Goma bila kulichukua. Akalikata vifungo vinane vya pembe, vyeusi, vizito. Nilimwambia ofisi itavinunua.

"Ninunuliwe nini? Naazima," alisema. "Siku serikali ikichoka, irudishe."

Tuliandika nyuma ya kila kifungo: Remera, Kimironko, Gisozi, Nyamirambo, Kicukiro, Kacyiru, Gikondo, Nyabugogo. Mzee Bonifasi akastaafu mwaka uliofuata akiwa ameridhika kabisa. Mimi nikawa wa kwanza kutia mkono.

Kwa hiyo ofisi inayosimamia bahati nasibu ikawa inaendeshwa kwa bahati nasibu. Wakati huo hakuna aliyecheka. Mihuri ilikuwa mingi mno hata tusiweze kucheka.

Miaka ikaenda. Nilianza kuona jambo geni Remera, kwenye yale maduka ya kubeti yaliyo upande wa uwanja wa mpira. Nikiingia tu, kijana wa kaunta ananyanyua simu. "Ni Anastazi! Ni Anastazi tena!" Kisha nje nasikia mtu anashangilia na mwingine analaani, na hakuna mechi yoyote siku hiyo. Nilifuata simu hizo kwa subira ya kikazi, zikanipeleka Kimironko, sehemu ya vitenge, kwa mama mmoja aitwaye Mama Keza. Alikuwa anaendesha mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa kutabiri ni mkaguzi gani atakwenda Remera Jumatatu.

Watu waliweka dau la mayai. Waliweka parachichi, vipande vya kitenge, siku ya kumsukia mtu nywele. Mama Keza alikuwa ameandika masharti kwenye boksi na kulitundika juu ya vitambaa. Nilimwonyesha kitambulisho. Hakubabaika.

"Mkaguzi, karibu, ona mwenyewe," alisema. "Hapa mutoto haingie. Mulevi haingie. Mutu mwenye iko na hasira, namwambia rudi kesho. Na hakuna mutu anaweka kitu ya kazi yake. Pasi hapana, cherehani hapana, mizani hapana. Ukisikia kichwa inauma juu ya mchezo, mi nakufungia mwezi muzima. Kwenu huko kwenye maduka ya kibali, iko hivo?"

Hakukuwa hivyo. Kwa miaka ishirini na kadhaa nilikuwa nawaomba wenye vibali watimize nusu ya yale masharti. Niliketi kumwandikia onyo, nikakwama kwenye mstari wa tatu: *Chombo kinachotumika kuchezea.* Chombo kilikuwa ofisi yetu. Aliyekuwa akichezesha ni mimi, kila Jumatatu, nikiwa nimefunga tai. Ningepiga marufuku nini? Jumatatu? Nilimpelekea faili Madamu Directrice, mkuu wetu, akalisoma mara mbili, akaliweka kwenye droo na kusema tutafikiri. Lilikaa humo mpaka likapata majirani.

Badala yake alianza kufikiri juu yangu. Siku moja aliniita akafunga mlango. Mezani alikuwa na orodha ya safari zetu.

"Anastazi, mais franchement, sema ukweli. Remera iko nini?"

"Iko maduka, Madamu."

"Wakaguzi iko nane. Maeneo iko nane. Wewe unaenda Remera karibu kila mwezi mara tatu, mwaka huu na ule mwaka mwingine. Iko mwanamke?"

Niliapa. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Wiki hiyo nilikagua mkono wangu wa kulia kama kifaa cha mtuhumiwa. Nilikwenda kwa padri. Aliniuliza napata faida gani kwa kwenda Remera, nikamjibu ni maumivu ya nyayo. Akasema basi si dhambi, ni njia ya msalaba. Lakini ofisini walishaanza kunyamaza nikiingia. Mtu aliyekamata wengine kwa maisha yake yote hana pa kujificha akishukiwa: anajua kila swali litakalofuata.

Sasa ninafika kwenye Jumamosi ile ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa ya kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa tunazibua mtaro Kimironko, mtaa mzima, na Fundi Sudi alikuwa ameketi juu ya toroli akitoa maelekezo. Goti lake la kulia lilikuwa limekwisha. Miaka arobaini ya kukanyaga pedali ya cherehani ilikuwa imelitafuna, na kila alipokunja mguu alifumba macho. Kazi zilikuwa zinamkimbia. Suruali moja ilimchukua siku tatu. Lakini siku hiyo alikuwa anang'aa.

"Jumatatu cherehani yangu inastaafu," aliniambia. "Napata ya umeme. Unagusa hivi tu kwa kidole cha mguu, inakwenda yenyewe."

"Umeipata wapi?"

"Ya Mama Keza. Mpwa wake aliiacha."

Nilifurahi kwa ajili yake. Tukaendelea, mimi nachimba, yeye anasimamia. Kisha nikamweleza shida zangu, kama ambavyo nimekuwa nikimweleza kwa miaka yote, kwamba ofisini wananishuku juu ya Remera na kwamba nimepata ufumbuzi: kuanzia Jumatatu nitatia mkono wa kushoto.

Fundi Sudi alianguka kutoka kwenye toroli. Nasema kweli. Watu wawili walimnyanyua.

"Anastazi, ndugu yangu, unataka kuniua?" alisema alipopata pumzi. "Wallahi usibadilishe mkono! Mkono gani huo wa kushoto, mkono wa kujitawazia! Wewe tumia wa kulia, wa kwanza, kama siku zote."

"Kwa nini?"

Akaniangalia. Akaangalia mtaro. Ndipo akaniambia. Alipokuwa anakata vile vifungo miaka ile, mkasi ulikimega kimoja ukingoni. Pengo dogo, kama punje ya mchele. Hakuona haja ya kusema. Ni kifungo cha bure. Baadaye nilipokuwa nakuja kwake kushonewa nilikuwa namhadithia wiki hii nimetumwa wapi, na Remera ikawa nyingi mno. Fundi ni mtu wa vidole. Alijua kidole kikipapasa vitu laini kinasimama penye pengo, mwenye kidole apende asipende. Wa kwanza kutia mkono ni mimi. Kifungo chenye pengo kina jina la Remera. Akapiga hesabu zake kimya kimya, akaanza kubeti yai moja moja. Alikuwa amekula mayai kwa miaka miwili.

"Hii si kamari," alisema. "Kamari ni haramu, mimi siigusi. Hii ni ratiba ya serikali."

"Na Jumatatu umeweka nini, Fundi?"

Alijibu akiangalia pembeni. Alikuwa ameweka cherehani. Dhidi ya ile ya umeme. Mama Keza alikataa mwanzoni, kwa kuwa sharti lilisema hakuna kuweka kifaa cha kazi. Fundi Sudi alimshinda kwa hoja: hiki si kifaa cha kazi, Mama, kwa sababu mwezi huu hakuna kazi. Mama Keza alifikiri siku mbili, hakupata jibu, akakubali. Nimekutana na mawakili wengi waliotetea makampuni makubwa ya kamari. Hakuna aliyewahi kufikia hapo.

Jumapili sikula. Mtaona upuuzi wa hali yangu. Kabla sijaambiwa, nilikuwa mtu safi nisiyejua kwa nini mkono wangu unakwenda Remera. Baada ya kuambiwa, usafi ukaisha. Nikitoa kifungo chenye pengo, nimempa rafiki yangu ushindi na nimemwibia Mama Keza, ambaye ndiye mwendesha mchezo mwaminifu kuliko wote niliowahi kumkagua. Nikikiacha, nimemvua Fundi Sudi cherehani kwa mkono wangu, mzee mwenye goti moja, ambaye kesho yake atakuwa ameketi mbele ya meza tupu. Nikitumia mkono wa kushoto, nao una vidole. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba kinaweza kuwa kifungo.

Jumatatu saa mbili tulisimama wanane kuizunguka meza. Madamu Directrice alikuwa amekuja kushuhudia, kwa sababu yangu. Nikatia mkono wa kulia. Sikupapasa hata sekunde mbili; pengo lilikuja lenyewe likakaa chini ya kidole cha shahada. Nikakishika kifungo. Sikuweza kukitoa. Sikuweza kukiachia. Mdomo wa agaseke, nimewaambia, ni mwembamba: mkono uliokunjwa ngumi hautoki.

"Toa, Anastazi," alisema Directrice.

"Siwezi, Madamu."

"Mkono umekwama?"

"Mkono haujakwama. Mimi ndiye nimekwama."

Nikaungama hapo hapo, agaseke likining'inia mkononi. Nilieleza pengo, mayai, cherehani, goti, Mama Keza na masharti yake. Mwenzetu mmoja alikaa chini. Mwingine aliuliza kwa sauti ndogo kama dau la mayai lilikuwa limeshafungwa, nikajua kwamba naye alikuwa mteja. Directrice alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo naliheshimu.

"Kanuni ya upimaji inasemaje?"

Inasema kifaa chochote kinachodhaniwa kuwa cha bahati kichezwe mara mia. Basi nikafungua ngumi, mkono ukatoka, na tukalipima agaseke. Wakaguzi wanane wa serikali tulitia mkono, tukatoa, tukasoma, tukarudisha, mara mia moja, kwa zamu, asubuhi nzima, huku maduka ya kubeti ya mji mzima yakiwa hayana mkaguzi hata mmoja. Remera ilitoka mara nyingi mpaka ikawa aibu. Hata katibu, ambaye hakuwahi kulishika agaseke maishani, aliitoa Remera mara nne mfululizo akaanza kulia akidhani tutamshtaki.

Kifaa kilifeli. Kanuni inasema kifaa kilichofeli kifungwe kwa lakiri na mmiliki aandikiwe onyo. Nililetewa koleo. Tulivitoa vifungo, nikapitisha waya kwenye mfuniko wa agaseke la Mzee Bonifasi, nikatia risasi, nikabana. Kwenye fomu, penye *Mmiliki wa kifaa*, tuliandika jina la ofisi. Directrice alijiandikia barua ya onyo, akaisaini kama mtumaji, akaigongea muhuri wa kupokea, na akawa na siku kumi na nne za kujijibu. Alichelewa. Ikabidi ajiandikie ya pili.

Remera hakwenda mtu. Mama Keza alikuwa na sharti hata kwa hilo: saa sita ikigonga hajafika mkaguzi, kila mtu anachukua alichoweka. Mayai yakarudi kwa wenyewe. Cherehani ya Fundi Sudi, iliyokuwa imeshabebwa kwa toroli hadi sehemu ya vitenge, ikarudishwa kwa toroli. Ya umeme ikabaki kwa mwenyewe.

Nilikwenda jioni kumwona Fundi Sudi. Sikuwa nategemea shukrani, lakini sikutegemea nilichokuta. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani yake, mguu umenyooshwa, hakunitazama.

"Ningeshinda," alisema.

"Sudi, ungekuwa umemdanganya."

"Kidole ni chako, ofisi ni yenu, kikapu ni chenu. Mimi nilidanganya nani?" Akachomoa uzi kwenye sindano, kisha akasema polepole, "Ungekaa kimya tu, ndugu yangu. Kwani ungekaa kimya ungekufa?"

Alinisusa miezi saba. Tulikutana umuganda mara saba, na mara zote alitoa maelekezo kwa watu wengine. Akitaka kunisemesha alisema, "Mwambieni mkaguzi anakanyaga mchanga." Iliniuma kuliko kushukiwa. Kushukiwa kunaisha ukipimwa.

Katika miezi hiyo ndipo ilipokuja ile barua kutoka juu, mnaikumbuka, iliyotaka kila mkaguzi mwandamizi aandike ukurasa mmoja: je, serikali ipige marufuku kamari au iisimamie? Wenzangu waliandika kurasa nzuri. Mimi nilikaa na kalamu siku tatu. Nilikumbuka mashine ya Gikondo ikiimba kwenye pikapu. Nilikumbuka kwamba wiki iliyofuata baada ya agaseke kufungwa, Kimironko walihamia kubeti mahubiri ya padri yataisha dakika ya ngapi, na kwamba padri aliposikia alianza kuhubiri akiangalia saa. Marufuku gani itazuia hilo? Na usimamizi je? Sisi ndio tuliokuwa wasimamizi, na kwa miaka yote chombo chetu chenyewe kilikuwa kibovu bila hata mtu mmoja kula rushwa. Mwishowe niliandika mistari miwili: *Isimamie. Lakini kila mara ianze kwa kupima kikapu chake.* Iliyobaki ya ukurasa niliiacha nyeupe. Directrice aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia ndiyo, nimemaliza miaka thelathini.

Na Mama Keza alikuja kuomba kibali. Alikuwa na masharti yote isipokuwa choo cha wateja, kwa kuwa alikuwa na meza tu. Alikataliwa. Nililisaini lile karatasi la kukataa na bado linanikereketa.

Kuhusu vifungo: kanuni inasema sehemu zilizoazimwa zirudishwe kwa mwenye nazo, na kwenye kumbukumbu vifungo viliandikwa *vimeazimwa kwa Fundi Sudi*. Vikae ghalani kwa nini? Nilivipeleka mwenyewe vyote vinane kwenye bahasha, niliweka mezani kwake, akaivuta bahasha bila neno. Wiki hizo ndizo mlizokuwa mnachangishana pesa za koti la kuniaga. Directrice, ambaye hajui mambo ya kususana, aliniambia niende kupimwa kwa fundi wangu.

Nilikwenda. Fundi Sudi alinipima kwa ukali, akanizungusha kama gunia.

"Kitambaa kizuri," alisema hatimaye. Lilikuwa neno la kwanza kwa miezi saba. "Lakini sitakushonea. Mguu haukanyagi tena."

Nikatazama pedali. Nikavuta kigoda, nikakaa ubavuni kwake, nikaweka mguu wangu wa kulia juu ya ile pedali.

"Nitakanyaga mimi."

"Wewe unajua nini?"

"Najua kwenda Remera kwa miguu."

Alicheka kabla hajajizuia. Tulianza vibaya. Nilikanyaga kwa pupa, sindano ikakatika, akanitukana kwa lugha tatu. Sindano ya pili ikadumu. Alisema "polepole" nikaenda polepole, alisema "simama" nikasimama, mikono yake ikisukuma kitambaa na mguu wangu ukizungusha gurudumu, wazee wawili kwenye cherehani moja, na sehemu nzima ya vitenge imekuja kutazama. Mama Keza alikuwepo. Nilimsikia anawaambia watu kwamba hakuna kubeti juu ya jambo hili, atakayebeti atamfungia mwezi mzima.

Koti lile tulilimaliza kwa siku nne. Siku ya tano nilirudi, kwa kuwa alikuwa na suruali ya mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu mpya, kila asubuhi isipokuwa Ijumaa na Jumapili, na ndiyo sababu ya kuchelewa kwangu kuwaandikia. Goti langu lenyewe limeanza kulia kidogo. Nimeambiwa sasa ofisini kompyuta ndiyo inayochagua nani aende wapi. Vizuri. Lakini nawaombeni, siku moja ipapaseni.

Koti ni la mtindo wa zamani, safu mbili, vifungo vinane vya pembe, na majina yote bado yameandikwa kwa nyuma. Sikumwambia ashone kipi wapi, naye hakuniuliza. Asubuhi nalivaa bila kuangalia, macho yakiwa kwenye chai, nao mkono wa kulia unapapasa chini ya kifua kutafuta pa kuanzia. Bado unaanzia Remera.